Maswali ya Wasomaji: Diski Kubwa Ndani ya Seva Kongwe za Nyumbani

Barua tulizopokea katika wiki za karibuni zimeelekea upande mmoja kuliko ilivyo kawaida. Majumbani na katika ofisi ndogo bado zinafanya kazi seva zenye umri wa miaka kumi na zaidi, nyingi zikiwa zimeletwa na jamaa walioko ughaibuni au zimenunuliwa mtumba, na wakati huohuo diski ngumu ndogo zinazidi kuadimika madukani. Mwenye seva hununua diski ya terabaiti nne au nane, akaichomeka, na ndipo taabu inapoanza. Tumechagua barua tano. Majibu yanahusu zaidi Windows Home Server, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea seva za nyumbani, toleo la kwanza na lile la 2011, kwa kuwa ndiyo mifumo mliyoitaja wengi wenu.

Fundi anasema seva haitaiona diski ya terabaiti nne. Je, ni kweli?

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Kijana wangu anayeishi Uingereza aliniletea seva ndogo nyeusi ya HP MediaSmart yenye Windows Home Server ya kwanza. Ndani yake nimeweka picha za ukoo, rekodi za kwaya yetu na mitihani niliyotunga enzi za kazi. Ina diski mbili za gigabaiti 500, na zimekaribia kujaa. Nilikusudia kununua moja ya terabaiti nne, lakini fundi wa hapa mjini amenikataza akisema mashine haitaiona. Sikuielewa sababu yake. Naomba unifafanulie, na uniambie ninunue ipi.
*Mwalimu mstaafu, Moshi*

Shikamoo, mwalimu. Fundi wako amekushauri vyema, ila maelezo yake yanahitaji kurekebishwa kidogo: seva itaitambua diski hiyo kuwa ipo, lakini haitaweza kuitumia yote, na sehemu itakayobaki nje ni kubwa mno kiasi kwamba fedha yako itakuwa imepotea bure.

Mfumo ulio nao ulitangazwa na Bill Gates mjini Las Vegas mwezi Januari 2007, na Microsoft ikaukamilisha Julai mwaka huohuo. Ulijengwa juu ya Windows Server 2003 na ni wa biti 32. Mwaka huo wa 2007 ndio diski ya kwanza ya terabaiti moja ilipoingia sokoni. Ya terabaiti mbili ilikuja 2009, na ya terabaiti tatu 2010. Waliousanifu mfumo walikuwa wanatazama diski za wakati wao, wakaridhika na njia ya zamani ya kugawanya diski, na njia hiyo ndiyo inayokufunga leo.

Diski hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, kila kimoja kikihesabiwa kuwa cha baiti 512. Mwanzoni mwa diski huandikwa jedwali linaloeleza kila sehemu ya diski inaanzia sekta ya ngapi na ina sekta ngapi. Jedwali la kizamani huitwa MBR. Mpangilio wake ulianza kutumika katika kompyuta za IBM mwaka 1983, na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya nambari ya sekta ni biti 32 tu. Biti 32 haziwezi kuandika zaidi ya nambari 4,294,967,296 tofauti. Zidisha kwa 512 utapata baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2.2 kwa hesabu ya kiwandani. Wewe mwalimu utaliona jambo hili upesi: chukua daftari la mahudhurio ambalo nambari ya mwanafunzi imewekewa visanduku vitatu pekee. Mwanafunzi wa 1,000 yupo darasani na amekaa kwenye dawati, lakini hakuna mahali pa kumwandika, na asiyeandikwa hapewi mtihani. Ndivyo zilivyo sekta zote za diski yako zinazovuka ule mpaka wa terabaiti 2.2.

Jedwali jipya lipo, nalo huitwa GPT. Hilo lina biti 64 kwa nambari ya sekta, kwa hiyo ukomo wake hautugusi maisha yetu yote. Tena Windows Server 2003 yenyewe, kuanzia toleo lake lililosahihishwa la SP1, inaweza kusoma GPT kwenye diski za kuhifadhia data. Kikwazo ni Drive Extender, kile kiungo cha pekee cha Home Server ya kwanza kinachoziunganisha diski zote zionekane kuwa ghala moja, na kinachoweka nakala mbili za kila faili kwenye diski mbili tofauti pale mwenye seva anapoomba hivyo. Drive Extender huitengeneza diski kwa MBR tu. Wapo watu wanaoiacha diski ya GPT nje ya ghala na kuitumia kivyake, lakini kwa mtu mwenye picha za ukoo siishauri njia hiyo, kwa sababu faili zilizo nje ya ghala hazipati nakala ya pili, na nakala ya pili ndiyo sababu ya kuwa na seva ya namna hiyo.

Kwa hiyo, mwalimu, nunua diski za terabaiti mbili. Seva za HP MediaSmart za aina yako zina droo nne, hivyo ukiweka diski hizo katika droo tatu na kuiacha ile yenye mfumo, unaweza kufika takriban terabaiti sita na nusu kwa jumla, au takriban nusu yake ikiwa umeamuru kila folda iwe na nakala mbili. Kwa picha, rekodi za kwaya na mitihani, hiyo ni nafasi ya miaka mingi. Ongeza diski mpya kwenye droo tupu, uiingize ghalani kupitia ukurasa wa hifadhi katika programu ya usimamizi, ukikumbuka kwamba kuingizwa huko kunafuta chochote kilichokuwemo. Baadaye, ukitaka kuitoa diski ya zamani, iamuru seva yenyewe iiondoe kwanza, isubiri ihamishe faili, ndipo uivute. Droo ya chini kabisa usiiguse: ndimo ilimo diski yenye mfumo wenyewe, katika sehemu ya gigabaiti 20, na kuibadilisha hiyo kunahitaji kuufunga mfumo upya.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Tangu mwaka 2010 hivi, diski nyingi hutunza data katika vipande vya baiti 4,096, ingawa kwa nje zinaendelea kuiambia kompyuta kwamba sekta zake ni za baiti 512. Windows Server 2003 huanzisha sehemu ya kwanza ya diski kwenye sekta ya 63. Kipande kimoja cha baiti 4,096 ni sawa na sekta 8, na 63 haigawanyiki kwa 8, kwa hiyo kila kundi la data linakaa likiwa limepanda juu ya vipande viwili. Diski inapotakiwa kuandika kidogo, inalazimika kusoma vipande viwili, kuvibadilisha, kisha kuviandika tena vyote. Hakuna faili inayoharibika, ila mwendo unashuka sana, hasa pale Drive Extender inapohamisha faili ndogondogo kama picha. Baadhi ya diski za Western Digital za miaka ile zilikuwa na dawa yake: jampa, yaani kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili, inayowekwa kwenye pini ya 7 na ya 8, ambayo husogeza hesabu kwa sekta moja ili 63 iwe 64. Ukipata diski ya namna hiyo, jampa iwekwe kabla diski haijaingizwa ghalani, na baada ya hapo isitolewe, kwa sababu ukiitoa hesabu yote inahama na faili hazisomeki. Ukiikosa, nunua tu diski ya kawaida na uuvumilie mwendo.

Kabla hujaongeza diski, fungua programu ya usimamizi uhakikishe kwamba seva ina masahihisho ya Power Pack 3, yaliyotoka Novemba 2009. Toleo la mwanzo kabisa lilikuwa na kasoro nzito iliyoharibu faili katika seva zenye diski zaidi ya moja, na kasoro hiyo ilisahihishwa kwa Power Pack 1 mwezi Julai 2008. Seva iliyokaa kabatini tangu 2007 bila kuunganishwa na mtandao huenda haina masahihisho hayo. Mwisho, Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huu tarehe 8 Januari 2013. Utumie ndani ya nyumba tu. Usiufungulie mlango wa intaneti hata kama kijana wako anatamani kuzitazama picha akiwa Uingereza.

Diski ya terabaiti tatu inaonekana kuwa na gigabaiti 746

Ndugu Mhariri, nina studio ya picha za harusi. Nilifungiwa Windows Home Server 2011 kwenye kompyuta ya mezani, nikanunua diski ya terabaiti tatu. Ndani ya mfumo inasomeka gigabaiti 746. Muuzaji anasema diski ni nzima, na nilipoichomeka kwenye kompyuta ya mdogo wangu ilionekana yote. Nimeshaanza kuhamishia harusi za mwezi uliopita. Niendelee?
*Dada wa studio, Mombasa*

Hapana, dada yangu, usiendelee. Acha kuandika chochote kwenye diski hiyo sasa hivi, na zile kadi za kamera usizifute.

Nambari hiyo ya 746 inatosha kuonyesha ugonjwa ulipo. Diski ya terabaiti tatu ina sekta 5,860,533,168. Ukitoa 4,294,967,296, ambao ndio ukomo wa biti 32 niliomweleza mwalimu wa Moshi, zinabaki sekta 1,565,565,872. Zidisha kwa 512, kisha ugeuze kuwa gigabaiti jinsi Windows inavyozihesabu, kwa kugawanya na 1,073,741,824: utapata 746 na ushee. Maana yake ni kwamba kuna mahali kati ya diski na mfumo ambapo idadi ya sekta inapitishwa kwenye nafasi ya biti 32. Tarakimu za juu zinakatwa, na kinachobaki ni ziada peke yake. Diski yako haina kosa, wala Windows Home Server 2011 haina kosa, kwa kuwa huo ni mfumo wa biti 64 uliojengwa juu ya Windows Server 2008 R2 na unaielewa GPT vizuri.

Mara nyingi mkosaji ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, ya kidhibiti cha diski kilichomo kwenye ubao mama. Kwa vidhibiti vya Intel, draiva za Rapid Storage zilizo chini ya toleo la 10.1 hazikujengwa kwa ajili ya diski zinazovuka terabaiti 2.2, na kompyuta nyingi za mwaka 2009 na 2010 zilifungwa draiva hizo za zamani kutoka kwenye sidii iliyokuja na ubao. Pakua toleo jipya linalolingana na ubao wako, liweke, uwashe kompyuta upya, kisha utazame tena ukubwa wa diski katika programu ya kusimamia diski. Ikionekana 2,794, umepona. Ikibaki 746, jaribu kuingia kwenye BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta, na kuona kama diski zimewekwa katika hali ya AHCI, namna ya kisasa ya kuwasiliana na diski, lakini usibadilishe hali hiyo kabla hujapata fundi wa kukusaidia, maana mfumo uliofungwa katika hali nyingine unaweza kukataa kuwaka. Ikishindikana kabisa, kadi ndogo ya kisasa ya SATA, njia ya kuunganishia diski, inayochomekwa kwenye ubao huondoa tatizo, kwa sababu inakuja na kidhibiti chake.

Nimekuambia uache kuandika kwa sababu maalumu. Kompyuta inayokosea kuhesabu ukubwa wa diski ni hatari ndogo. Hatari kubwa ni ile inayoonyesha ukubwa kamili lakini inakata nambari wakati wa kuandika. Hapo faili linalotakiwa kukaa baada ya mpaka wa terabaiti 2.2 linaandikwa mwanzoni mwa diski, juu ya jedwali na juu ya orodha ya faili zote. Mwenye diski haoni dalili yoyote mpaka nafasi iliyotumika ivuke mpaka, kisha siku moja diski nzima inaonekana tupu. Basi hata baada ya draiva kukubali, usiiamini bila kuipima. Ifomati upya kwa GPT, ijaze yote hadi pomoni kwa faili za majaribio, uzisome tena zote na kuzilinganisha na asili yake. Zoezi hilo litachukua siku nzima au zaidi. Harusi ya watu hairudiwi, kwa hiyo siku hiyo uitoe bila kunung'unika.

Diski inafanya kazi, ila nakala rudufu inakataa

Ndugu Mhariri, ofisini kwetu tuna Windows Home Server 2011. Diski ya terabaiti nne tumeifomati kwa GPT, yote ikawa sehemu moja, na faili zinasomeka bila shida. Lakini tukitaka seva ijiwekee nakala rudufu, diski hiyo haichaguliki. Tumekosea wapi?
*Msomaji, Tanga*

Hamkukosea kitu, ndugu zangu. Mmegonga ukuta mwingine uliojengwa karibu na ule wa kwanza. Programu ya nakala rudufu katika familia ya Windows Server 2008 R2 hutunza kila sehemu ya diski ndani ya faili moja kubwa la aina ya VHD, na faili la VHD haliwezi kuzidi gigabaiti 2,040. Sehemu yenu ni ya terabaiti nne, haiingii. Aina iliyofuata, VHDX, ambayo inafika terabaiti 64, ilikuja na Windows Server 2012, na haikurudishwa nyuma kwenye programu ya nakala rudufu ya mfumo wenu.

Njia ya kawaida ni kuigawa diski iwe na sehemu mbili, kila moja chini ya terabaiti mbili, kisha folda mzigawanye kati ya sehemu hizo. Kwa kuwa kugawa upya kunafuta data, toeni kwanza kila kitu mkiweke mahali pengine. Wasiopenda kuigawa wanaweza kuacha programu hiyo ishughulikie mfumo peke yake, na folda za kazi zinakiliwe kila usiku kwa amri ya robocopy kwenda kwenye diski ya nje. Mimi naipenda zaidi njia hii ya pili kwa ofisi ndogo, kwa sababu faili zilizonakiliwa hivyo zinafunguka kwenye kompyuta yoyote bila kuhitaji seva iliyokufa ifufuliwe kwanza.

Angalieni pia diski ya nje mtakayoitumia. Baadhi ya diski za USB huiambia kompyuta kwamba sekta zake ni za baiti 4,096, na Windows za kizazi hicho hazikujengwa kuzitumia diski za namna hiyo kwa nakala rudufu. Uwezo kamili ulikuja na Windows 8 na Server 2012.

Niliitoa diski kwenye kasha la USB, sasa haizunguki

Ndugu yangu, salamu kutoka Maskati. Nilinunua diski ya nje ya terabaiti nane kwa bei nafuu kuliko ile ya kufunga ndani, nikalifungua kasha na kuitoa ili niifunge kwenye seva ya zamani ninayotaka kumpelekea kaka Unguja. Ndani ya seva haizunguki kabisa, wala haitoi sauti. Nikiirudisha kwenye kasha inafanya kazi. Imekuwaje?
*Msomaji, Maskati*

Wa alaikum salaam, na pole kwa usumbufu. Diski yako ni nzima, nayo inatii amri inayopewa. Kanuni za SATA za toleo la 3.3, zilizotoka mwaka 2016, ziliipa pini ya tatu ya upande wa umeme kazi mpya: ikipata volti 3.3, diski inaelewa kwamba imeambiwa ikae kimya. Kifaa cha umeme cha seva ya zamani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote, kwa kuwa zamani ndivyo ilivyopangwa, kwa hiyo diski inaamka ikiwa tayari imenyamazishwa. Ndani ya kasha la USB umeme huo haupo, ndiyo maana inazunguka.

Dawa ni nyepesi. Ziba pini tatu za kwanza za umeme kwenye diski kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme na unaostahimili joto, ule wa rangi ya kaharabu ambao mafundi wa simu wanao. Au tumia waya wa kugeuza unaotoka kwenye plagi ya zamani ya pini nne, kwani plagi hiyo haina volti 3.3. Ukichagua waya, chagua ule ambao nyuzi zake zimebanwa kwenye plagi kwa vibanio vya chuma, si ule uliomiminiwa plastiki, maana huo wa pili una historia mbaya ya kuungua.

Usishangae pia ukikuta diski haikai vizuri kwenye droo. Diski nyingi za ujazo mkubwa hazina matundu ya skrubu ya katikati, ambayo droo za zamani huyategemea. Funga skrubu mbili zilizobaki kila upande inapowezekana, na usiiache inaning'inia.

Kuna onyo kwa wasomaji wengine wanaotamani kufanya kama ulivyofanya wewe. Makasha kadhaa ya USB huzibadilisha hesabu za sekta, kutoka baiti 512 hadi 4,096, ili diski kubwa iweze kutumika kwa MBR kwenye kompyuta za Windows XP. Ujanja huo unausogeza ukomo hadi terabaiti 16 na unafanya kazi vizuri, lakini ukiitoa diski na kuichomeka moja kwa moja kwenye SATA, jedwali linasomwa kwa kipimo kingine na diski inaonekana haijafomatiwa. Windows itakuuliza kama uifomati. Ikiwa ndani mna faili zako, jibu ni hapana: irudishe diski kwenye kasha lilelile, nakili faili, kisha ndipo uitoe.

Je, si bora kuiacha Windows Home Server kabisa?

Mhariri, mimi ni kijana ninayesomea teknohama. Ninaona watu wanapambana na mifumo iliyokwisha muda wake ilhali Linux ni ya bure. Je, seva hizi za zamani haziwezi kubadilishiwa mfumo zikapokea diski za terabaiti 12 au 20? Na faili zilizomo kwenye ghala la zamani zitatokaje?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Zinaweza, kijana wangu, na kwa sehemu kubwa ninakubaliana nawe. Watu wengi huamini kwamba mashine yenyewe ndiyo inayokataa diski kubwa, kumbe mara nyingi ni mfumo. BIOS ya zamani, ile isiyo na UEFI (mrithi wake wa kisasa), kwa kawaida haiwezi kuwasha mfumo wa Windows kutoka kwenye diski ya GPT. Lakini haikatazi diski ya GPT kuwepo pembeni kwa ajili ya data. Basi mfumo uwekwe kwenye SSD ndogo yenye MBR, na diski kubwa zibaki za kuhifadhia tu. Hata wanaobaki na Windows Home Server 2011 nawashauri wafanye hivyohivyo: mfumo huo unataka diski ya gigabaiti 160 au zaidi wakati wa kufungwa, nayo inapatikana kwa bei rahisi.

Kwa anayehama, OpenMediaVault, iliyojengwa juu ya Debian (moja ya matoleo ya Linux) na kuanza kutolewa mwaka 2011, ina ukurasa wa usimamizi ambao mtu wa kawaida anaweza kuuzoea. XigmaNAS, iliyotokana na FreeNAS ya zamani, ni chaguo jingine kwa wapenda ZFS, mpangilio wa kutunza na kulinda faili unaohitaji kumbukumbu kubwa. Hakikisha prosesa ni ya biti 64, na uchague mfumo wa biti 64. Hili si pendekezo la kupendezesha maneno: Linux ya biti 32 ina ukomo wake wa terabaiti 16 kwa diski moja, kwa hiyo ukiweka diski ya terabaiti 20 kwenye mfumo huo utarudi kwenye taabu ileile uliyoikimbia. NTFS nayo, yaani mpangilio wa faili wa Windows, ikifomatiwa kwa vifungu (vipimo vidogo kabisa vya kugawia nafasi) vya kawaida vya baiti 4,096, inaishia hapohapo terabaiti 16. Anayefomati diski ya terabaiti 20 ndani ya Windows achague vifungu vya baiti 8,192 au zaidi tangu mwanzo, kwa sababu ni vigumu kubadilisha baadaye bila kufomati upya.

Kwenye seva kama ile ya mwalimu wa Moshi kuna ugumu mmoja wa ziada: haina tundu la kuunganishia skrini. Njia inayofaa ni kuufunga mfumo mpya kwenye diski ukiwa umeichomeka kwenye kompyuta nyingine, uruhusu kuingia kwa mbali kupitia SSH na kupata anwani ya mtandao yenyewe, kisha uihamishe diski hiyo hadi kwenye seva. Seva za kwanza za HP za mwaka 2007 zilikuja na kumbukumbu ya megabaiti 512 tu, kwa hiyo usiziwekee ZFS.

Kuhusu faili za zamani, Drive Extender iliwatendea wema wenye seva katika jambo moja: kila diski ya ghala ni NTFS ya kawaida. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine ya Windows au Linux na kuruhusu folda zilizofichwa zionekane, utakuta folda iitwayo DE, na ndani yake folda ya shares yenye faili halisi. Tatizo ni kwamba faili za folda moja zinaweza kuwa zimetawanyika kwenye diski zote, na zile zenye nakala mbili utazikuta mara mbili. Kwa sababu hiyo, seva ikiwa bado inawaka, usizivute diski. Acha ghala liwe zima, weka seva mpya pembeni kwenye mtandao uleule, nakili folda zote kupitia mtandao, hesabu idadi ya faili pande zote mbili, na ufungue baadhi yake uone kama zinasomeka. Njia ya kuvuta diski moja baada ya nyingine ibaki kwa siku ambayo diski ya mfumo imekufa na hakuna namna nyingine.

Ukishanakili, usikimbilie kuzifomati diski za zamani uziingize kwenye seva mpya. Ziandike karatasi yenye tarehe, uziweke kwenye kabati kavu mbali na seva, na ziwe ndiyo nakala yako ya ziada mpaka diski mpya zitakapokuwa zimefanya kazi miezi kadhaa bila hitilafu.